Sungura apotea njia, amdhania Mskoti kuwa bibi

Filamu fupi ya katuni iliyotolewa Disemba 1948 ingali inachekesha, ingawa anayeumizwa ndani yake hakuwa amemkosea mtu.

Filamu hiyo ni My Bunny Lies over the Sea, ya kampuni ya Warner Bros. ya Marekani. Iliongozwa na Chuck Jones, na kisa chake kiliandikwa na Michael Maltese. Jina lake ni mzaha juu ya wimbo wa kale wa Kiskoti: mpendwa anayetajwa katika wimbo amegeuzwa kuwa sungura.

Sungura mwenyewe ni Bugs Bunny, ambaye husafiri kwa kuchimba njia chini ya ardhi. Safari hii amekusudia kufika Los Angeles, kwenye mashimo ya lami ya La Brea. Anapotokeza kichwa, yuko Uskoti.

Bibi na zimwi

Anasikia ukelele wa ajabu. Anamwona mtu aliyevaa sketi ameshikana na kitu chenye miguu mingi kinacholia. Bugs anaamua kwamba bibi anashambuliwa na zimwi, akalirukia na kulivunjavunja.

Kumbe bibi ni mwanamume, Angus MacRory. Sketi ni kilti, vazi la heshima la wanaume wa nyanda za juu za Uskoti. Na zimwi ni zumari la mfuko, ala inayothaminiwa sana katika nchi hiyo.

Kosa hilo halikubuniwa ovyo. Zumari la Kiskoti lina mfuko unaojazwa pumzi, filimbi moja ya kupigia tuni, na mabomba matatu yanayotoa sauti isiyokatika, hata mpigaji anapovuta pumzi. Asiyelijua anaweza kweli kudhani kuna kiumbe kinacholalamika. Wasomaji walioko Ghuba huenda wasishangae, kwani huko hupigwa ala ya ukoo huohuo iitwayo habban.

Vazi nalo ni jambo jingine. Hata anapokwisha kutambua kwamba mbele yake yupo mwanamume, Bugs anaona aibu kwa niaba yake. Mwanamume wa pwani aliyewahi kutembea ughaibuni na kanzu au kikoi, akatazamwa kana kwamba amevaa nguo ya mkewe, atamwelewa Angus upesi.

Hapa filamu inaiacha kidogo njia yake ya kawaida. Chuck Jones alieleza baadaye kwamba katika kazi zake Bugs hapaswi kuanza ugomvi, bali huchokozwa kwanza, ndipo akajibu. Angus hakumchokoza. Alikuwa akipiga ala yake, katika nchi yake. Hasira yake ina haki, na huenda ndiyo sababu Jones na Maltese wanamchora akiwa na kiburi na vitisho vingi, ili mtazamaji asimwonee huruma kupita kiasi.

Mchezo wa kuaminiana

Ugomvi huo unahamia kwenye uwanja wa gofu, na hapo ndipo mahali pake hasa. Bunge la Uskoti liliwahi kuupiga marufuku mchezo huo mwaka 1457, kwa hofu kwamba watu walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde. Ni katika uwanja wa St Andrews, mwaka 1764, ndipo ilipoanza desturi ya mashimo 18 inayofuatwa leo duniani kote.

Katika gofu, anayetumia mapigo machache zaidi ndiye mshindi, na kwa kawaida hakuna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji. Kila mmoja anaaminiwa kutaja hesabu yake kwa ukweli. Mwachie sungura mlaghai mchezo wa namna hiyo, na mengine yatajileta yenyewe: Bugs anauchezea uaminifu wa wenyeji kuliko anavyoucheza mpira. Mgeni ambaye dakika chache zilizopita hakujua kilti ni nini, sasa anamshinda Mskoti katika mchezo wa Waskoti.

Angus amebakiwa na jambo moja la kujivunia. Anadai hakuna awezaye kumshinda kwa kupiga zumari. Naye Bugs anatokea akipiga zumari, ala aliyoidhania kuwa zimwi, pamoja na rundo la ala nyingine alizojibebesha mwilini, zote kwa wakati mmoja.