NILIUZA MBUZI YA NAZI KWA 30,000 KUMBE IMENIGHARIMU 42,000

Wapambanaji wenzangu, leo naweka hesabu zangu mezani ili wewe usirudie kosa langu.

Nilikuwa na wazo: mbuzi ya kukunia nazi inayokunjika, yenye trei ya kukingia nazi iliyokunwa, inayoingia kwenye kabati la jiko dogo. Fundi akaniambia nikitengeneza nyingi, kila moja itanigharimu 18,000. Nikasema nitauza 30,000, faida 12,000. Nikakopa 600,000 kikoba, nikijua napata vipande 30 na chenji inabaki.

Hela ilienda hivi:

✅ Sampuli tatu: 130,000. Ya kwanza bawaba ililegea, ya pili meno yalipata kutu. Na sampuli moja moja haitengenezwi kwa bei ya jumla.
✅ Nauli, Keko kwa seremala na Gerezani kwa fundi chuma: 25,000
✅ Maboksi: 150,000, maana hawauzi chini ya 100
✅ Picha za kupostia: 30,000

Jumla 335,000, na sijapata hata kimoja cha kuuza! Iliyobaki ilitosha vipande 14 tu, 252,000.

Viliisha kwa wiki mbili, watu wanasifia, na mimi nachekelea. Nikaingiza 420,000. Nilipokaa na daftari nikagundua nimetumia 587,000. Gawa kwa 14: kila kipande karibu 42,000. Marejesho ya kikoba hayangoji, nikauza cherehani iliyokuwa inanipa hela ya kula kila siku. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote.

Kosa halikuwa bei. Ile 335,000 ningeigawa kwa vipande 100, kila kimoja kingebeba 3,350 tu. Ongeza 18,000, unapata 21,350. Hapo 30,000 inalipa. Mimi nilimbebesha kila mteja gharama za kujaribu, kisha nikasahau kumdai.

Siku hizi kabla sijampa fundi hata shilingi, nagawa daftari sehemu tatu:

1️⃣ Hela ya kujaribu. Weka sampuli tatu, sio moja. Hii ihesabu kama hela inayoweza kupotea, kwa hiyo isiwe ya mkopo.
2️⃣ Hela ya mara moja: maboksi, picha, usajili. Gawa kwa idadi unayoweza kuuza kweli, sio unayoiota.
3️⃣ Hela ya kila kipande: mali, ufundi, boksi, bodaboda.

Halafu andika kikomo. "Nikifika 150,000 bado sampuli haijakaa sawa, nasimama." Kiandike ukiwa bado na akili timamu, maana ukishaanza, wazo lako unalipenda kama mtoto.

Sampuli ikikubali, chukua oda zenye malipo ya awali kabla ya kutengeneza nyingi. Kwa maboksi, anza na mfuko wa kawaida na stika.

Ila kabla hujaposti picha, kama unaamini wazo ni jipya kabisa, waulize BRELA kwanza kuhusu hataza. Hataza inataka kitu kiwe kipya, na ukishakianika hadharani unaweza kujiharibia mwenyewe. SIDO nao wapo mikoani, wanashauri wenye viwanda vidogo. Mimi niliwakumbuka cherehani imeshaondoka.

Una wazo kichwani? Chukua daftari leo, andika hizo sehemu tatu. Ukiona jumla inakutisha, bora ikutishe kwenye karatasi.