Mwenye Ulemavu na Mtoa Huduma Wake: Bima ya Taifa ya Ulemavu Nchini Australia

Bunge la Australia lilipopitisha sheria ya Bima ya Taifa ya Ulemavu mwezi Machi 2013, wakati wa serikali ya Julia Gillard, halikuongeza fedha pekee, bali pia lilibadili mtu anayeamua zitumikeje. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake, na kwa sehemu kubwa serikali zilizilipa taasisi ziwahudumie watu wenye ulemavu, hivyo aliyehitaji kiti cha magurudumu au mtu wa kumsaidia kuoga alisubiri nafasi katika taasisi iliyokuwapo, na alipoipata alihudumiwa kwa saa zilizoifaa taasisi hiyo. Tume ya Uzalishaji, ambayo ni chombo cha kuishauri serikali katika masuala ya uchumi na jamii, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2011 kwamba mfumo huo haukuwa na fedha za kutosha, haukuwatendea watu kwa usawa, na ulikuwa umegawanyika vipande vipande. Utaratibu mpya, ambao hujulikana kwa kifupi chake cha NDIS, ulianza kwa majaribio Julai 2013, ukaenea nchi nzima kufikia mwaka 2020, na sasa una washiriki zaidi ya 600,000.

Jina la bima lisimpotoshe msomaji, kwa kuwa mshiriki halipi mchango wowote ili aandikishwe. Gharama hubebwa na serikali kuu pamoja na za majimbo, na sehemu yake hutokana na tozo ya afya iliyopandishwa mwaka 2014 kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2 ya mapato yanayotozwa kodi. Mapato ya familia hayaulizwi. Hapo ndipo NDIS inapotofautiana na pensheni ya ulemavu, ambayo ni malipo ya kujikimu yanayotolewa na idara nyingine, na ambayo kwa kawaida huzingatia mapato na mali ya mwombaji. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, au kimoja bila kingine, na kukataliwa kwenye kimoja hakumaanishi kukataliwa kwenye kingine.

Anayestahili kujiunga ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 65 wakati anapoomba, aliye raia au mwenye ukaazi wa kudumu, na ambaye ulemavu wake ni wa kudumu na unapunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kutembea, kuwasiliana, kujifunza au kujihudumia. Sharti la ukaazi lina uzito wa pekee kwa familia kutoka Kongo na Burundi zilizopokelewa Australia kama wakimbizi, kwani wenye viza za kudumu za kibinadamu wanaweza kuomba mara wanapofika, ilhali wenye viza za muda kwa kawaida hubaki nje. Katika maombi, jina la ugonjwa peke yake halitoshi; ripoti ya daktari inayosema kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo ina nguvu ndogo kuliko ile inayoeleza kwamba hawezi kushika kijiko, kwamba hubebwa kutoka kitandani hadi bafuni, na kwamba hali hiyo haitarajiwi kuondoka kwa matibabu.

Akikubaliwa, mshiriki huandaliwa mpango, yaani hati inayotaja malengo yake na fedha zilizotengwa kwa ajili ya kuyafikia, zikiwamo za huduma za kila siku, za kumjengea uwezo kama vile tiba ya kuzungumza, na za vifaa au marekebisho ya nyumba. Kigezo cha sheria ni kwamba huduma iwe ya lazima na ya kiasi kinachofaa, ihusiane na ulemavu wenyewe, na isiwe ya kulipia mahitaji ambayo kila mtu huyagharimia, kama chakula na kodi ya nyumba. Fedha hizo zinaweza kusimamiwa na wakala wa serikali anayeendesha NDIS, au na msimamizi wa malipo anayelipa ankara kwa niaba ya mshiriki, au na mshiriki mwenyewe. Anayesimamiwa na wakala hulazimika kutumia watoa huduma waliosajiliwa tu, ilhali wengine wana uhuru mpana zaidi wa kuchagua.

Uhusiano na mtoa huduma unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu familia nyingi humpokea mtoa huduma kama mfadhili, zikaona haya kumuuliza bei, ilhali yeye analipwa kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya mtu wao. Kabla ya kazi kuanza, pande mbili kwa kawaida huwekeana mkataba wa huduma, na kurasa zake hubeba mambo ambayo baadaye huonekana kwenye ankara: bei ya saa moja, ambayo kwa huduma nyingi ina kikomo kilichowekwa na serikali, bei ya Jumapili, ambayo kwa wahudumu wa kawaida hukaribia maradufu ya ile ya siku za kazi, gharama ya safari ya mhudumu, na muda wa taarifa ya kuahirisha, unaoweza kufika siku 7, ambao mshiriki asipouzingatia anaweza kutozwa bei yote ya huduma ambayo hakuipata. Familia inayopanga saa 2 za kuogeshwa kila Jumapili, wakati Ijumaa ingefaa vilevile, huimaliza bajeti yake mapema bila kujua sababu. Inafaa pia mkataba utamke nani atakuja, na kama mshiriki anaweza kutaka mhudumu wa jinsia yake, jambo ambalo kwa mama wa Kiislamu anayesaidiwa kuoga haliwezi kuachwa libahatishwe. Hati isiyoeleweka isitiwe sahihi siku hiyohiyo, na huduma ya serikali ya ukalimani, ambayo ina wakalimani wa Kiswahili, inafaa kuliko kumtwisha mtoto wa shule kazi ya kumfasiria mzazi wake masharti ya fedha.

Mshiriki anaweza kuachana na mtoa huduma kwa kufuata taarifa iliyoandikwa mkatabani, na fedha zilizosalia hubaki kwenye mpango wake. Malalamiko kuhusu huduma mbovu au unyanyasaji hupelekwa kwa Tume ya Ubora na Ulinzi, iliyoanza kazi mwaka 2018, ambayo kanuni zake za mwenendo huwabana hata wasiosajiliwa, na ambayo inaweza kumpiga mhudumu marufuku. Lakini malalamiko ya kwamba fedha za mpango ni chache hayaendi huko: huanzia kwa wakala mwenyewe, ambaye huombwa ndani ya miezi 3 aupitie upya uamuzi wake, na asipoubadili, shauri linaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Mapitio ya Utawala, ambalo tangu Oktoba 2024 ndilo lenye mamlaka ya kulisikiliza.