Madini ya Sarafu Ngeni

Katika msimu wa korosho, fedha zinapozunguka kwa wingi baina ya Masasi na Newala, na droo za maduka ya Lulindi zikajaa sarafu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, huweza kutokea kwamba mtu aliyepokea chenji yake kwa haraka agundue, akifika nyumbani, ya kuwa miongoni mwa vipande vya shilingi mia na mia tano kimo kimoja cha kigeni kabisa, chenye taji mahali ilipostahili kuwapo sura ya Mwalimu Nyerere au ya Mzee Karume, na chenye maandishi ambayo hakuna awezaye kuyasoma. Swali linalofuata ni lile lile siku zote: je, hii ni dhahabu, au ni fedha, au ni shaba tu? Na aghalabu, kabla jibu halijatafutwa kwa utaratibu, hutafutwa mchanga, limau au tupa, na kipande kilichodumu miaka mia moja huharibiwa kwa muda mfupi. Nasihi yangu ya kwanza, nami naitoa kwa moyo wote, ni kwamba sarafu isisuguliwe wala isikwaruzwe, maadamu zipo njia za kuyajua madini yake zisizoidhuru hata kidogo.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni sumaku, ambayo hupatikana hata katika redio iliyokufa. Sarafu yetu ya shilingi mia tano, iliyotolewa mwaka 2014, ni chuma cha pua kilichovikwa nikeli, na hunaswa mara moja. Shilingi moja ya mwenge iliyotolewa mwaka 1966 ilikuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, nayo hainaswi, ilhali ile ya mwaka 1987 na baadaye, ambayo kwa mbali yafanana nayo, ina chuma ndani yake na hunaswa. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Kwa hiyo kipande kinachong’ara kama fedha na kung’ang’ania sumaku si fedha, na hapo shauri limekwisha.

Lakini sarafu inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika nchi yetu ni ile ya heller 20, yaani senti 20 za rupia ya Kijerumani, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Zama hizo za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii walikuwa wamezingirwa na manowari za Waingereza, na fedha mpya hazikuweza kuja kutoka Ulaya, basi wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa mahali pa kupigia sarafu, wakatumia shaba ya manjano iliyopatikana kwa kuyeyusha maganda ya risasi na ya mizinga, na shaba nyekundu kadhalika. Upande mmoja pana taji, herufi D.O.A. na mwaka, upande wa pili pana thamani ndani ya shada la majani, na chini yake herufi T ya Tabora. Kwa kuwa mitambo haikuwa ile iliyokusudiwa kazi hiyo, vipande vingi vimepigwa upande, vingine vina herufi zilizofifia tangu siku ya kwanza, na uzito wake hautoshani. Mambo haya, ambayo katika sarafu nyingine yangetia shaka ya bandia, katika sarafu hii ni dalili ya uhalali wake.

Tatizo ni kwamba baada ya miaka mia moja shaba ya manjano na shaba nyekundu zote huvaa ukungu ule ule wa kahawia, hata jicho haliwezi kuzipambanua. Hapo yafaa kutazama ukingo, na sehemu zilizoinuka kama taji na tarakimu, ambako vidole vya watu wengi vimeshaifanya kazi ambayo mwenye tupa hutaka kuifanya: pakionekana umanjano, ni mchanganyiko wa shaba na zinki, pakionekana wekundu, ni shaba. Wala si ajabu sarafu ya namna hii kuibuliwa na jembe chini ya mikorosho ya huku. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, lakini vita havikukoma: majeshi yalipigana Mahiwa mwezi Oktoba 1917, yakapita Chiwata na Newala, na tarehe 25 Novemba Wajerumani wakavuka Ruvuma pale Ngomano, pamoja na askari na wapagazi wao.

Iwapo rangi haisemi, mizani husema. Mwaka 1121, katika mji wa Marw, mwanachuoni al-Khazini alitunga kitabu alichokiita Mizani ya Hekima, na humo akaeleza jinsi ya kuyatambua madini yaliyochanganywa kwa kuyapima hewani na kisha majini. Sonara mwenye mizani ya kuonyesha sehemu za mia za gramu aweza kuifanya kazi hiyo leo. Pima sarafu kavu. Kisha weka gilasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ining’inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni, nawe usome. Gawanya uzito wa kwanza kwa usomaji wa pili. Fedha safi hutoa karibu 10.5, shaba nyekundu 8.9, shaba ya manjano karibu 8.5, aluminiamu 2.7. Rupia ya Kijerumani ya fedha, yenye gramu 11.66, huonyesha majini kiasi cha gramu 1.13, bandia ya shaba ya manjano yenye uzito huo huo ingekaribia 1.37. Tofauti hiyo haifichiki.

Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima, ndiyo inayoishinda mizani. Tangu 1921 hadi 1946 robo ya madini yake ilikuwa fedha. Zile za 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli tu. Hesabu za maji za sarafu hizi mbili hukaribiana mno, basi heri kusoma mwaka. Na kama mwaka umelika, tazama jina la mfalme: kabla Uhindi haijapata uhuru wake mwaka 1947 maandishi yalimtaja pia kuwa mtawala wa Uhindi, na katika sarafu za 1948 cheo hicho kimeondolewa. Hivyo herufi chache za Kilatini hutambulisha madini ambayo mizani imeshindwa kuyatenga.

Kuhusu dhahabu, tahadhari ni wajibu. Karakana ile ile ya Tabora ilipiga rupia 15 za dhahabu, zenye tembo na mlima nyuma yake, na nakala za bandia za sarafu hiyo zimeenea. Iliyo halali ina gramu 7.168, na robo tatu za uzito huo ni dhahabu. Majini huonyesha takriban nusu gramu tu. Anayekuuzia akikataa isipimwe, muage kwa adabu.

Mwisho kuna vijisarafu vyembamba vya shaba vya masultani wa Kilwa, vyenye maandishi ya Kiarabu, ambavyo havina bei kubwa sokoni na vina thamani kubwa kwa tarihi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na hivi vimo. Avipataye asivioshe, aandike mahali hasa alipovikuta, na kina cha udongo, kisha apeleke habari kwa ofisi ya serikali iliyo karibu naye.