"Ejo" ni jana au kesho? Neno dogo linalovuruga hesabu za madeni Rusizi

RUSIZI, Rwanda. Chukua mfano wa mama wa Bukavu aliyevuka daraja kufuatilia deni la sambaza alizokopesha Kamembe. Anauliza, "Pesa zangu ziko wapi?" Mteja anajibu kwa neno moja: "Ejo, mama." Je, amekwisha kuzituma jana, au atalipa kesho?

Yote mawili yanawezekana. Katika Kinyarwanda, na Kirundi pia, "ejo" ni siku inayopakana na leo, iwe imepita au inakuja. Mwenyeji habahatishi, kwa sababu kitenzi humwongoza. "Nishyuye ejo" ni "nililipa jana". "Nzishyura ejo" ni "nitalipa kesho". Anayetaka kukata shaka husema "ejo hashize" kwa jana na "ejo hazaza" kwa kesho. "Ejobundi" nayo ina sura mbili: juzi au kesho kutwa.

Jambo hili si la Maziwa Makuu pekee. Kihindi kina neno "kal", nalo hubeba jana na kesho pamoja.

Mgeni anaweza kudhani dawa ni kutaja siku ya wiki. Hapo kuna mtego mwingine. Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu. Kinyarwanda huanza kuhesabu Jumatatu. Kwa hiyo "ku wa gatatu", yaani siku ya tatu, ni Jumatano, na "ku wa gatanu" ni Ijumaa. Ukisikia "tatu" ukaelewa Jumatatu, utafika sokoni siku mbili kabla ya mwenzako, na samaki hawangoji.

Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini katika soko la Kamembe bei na ahadi nyingi bado hutolewa kwa Kinyarwanda. Mfanyabiashara anayevuka mpaka afanye mambo mawili. Kwanza, akiambiwa "ejo", aulize papo hapo: "Hashize cyangwa hazaza?" yaani, iliyopita au ijayo? Pili, kabla mzigo haujaondoka, tarehe ya malipo iandikwe kwa tarakimu katika madaftari ya pande zote mbili.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Dawa ya "ejo" ni tarehe.