Kasongo na Kabambare: bunduki ya mwindaji, bila kipimo na bila alama

Katika vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mtu anayetafuta bunduki ya kuwinda haendi dukani. Anaenda kwa fundi. Wanakaa pamoja, wanapatana bei, wanaongea juu ya ubao, chuma na siku ya kumaliza kazi. Bunduki itafanywa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa urefu wa mkono wake. Huko Ulaya na Marekani, matajiri wanalipa feza nyingi sana ili watengenezewe bunduki kwa namna hiyo. Huku ndiyo bunduki ya maskini.

Ufundi upo, na wakati mwingine unashangaza. Kinachokosekana ni vitu viwili vingine: hakuna mtu anayeipima bunduki hiyo mbele ya kuwekwa begani, na hakuna alama inayoonyesha nani aliifanya na nani ni mwenyewe. Juu ya hayo mawili, wawindaji wanapoteza vidole na macho, na wengine wanapoteza uhuru wao.

Kazi inaanza na swali moja linaloongoza mengine yote: bunduki itakula kartushi gani? Mara nyingi jibu ni kalibre 12. Jina hilo ni la zamani. Ukichukua ratili moja ya plombi safi na kuigawa katika vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawasawa, kidonge kimoja ndicho kinaenea katika mtutu wa kalibre 12, upana wa karibu milimita 18 na nusu. Lakini kartushi ya kuwinda kwa kawaida haina kidonge kimoja. Inabeba punje nyingi ndogo za plombi zinazotawanyika zikitoka. Ndani, mtutu ni laini. Bunduki ya vita ni kitu kingine: mtutu wake umechongwa mifereji inayozungusha risasi ili iende mbali bila kupinda.

Wengine wanauliza kwa nini mwindaji wa Maniema hatafuti bunduki ya mifereji, yenye kupiga mbali. Jibu la kwanza liko porini. Katika misitu inayofuata mito, upande wa Lualaba na upande wa Luama, paa anaonekana hatua chache mbele, katikati ya majani, kisha anapotea. Bunduki inayofika mita 300 haina kazi pale. Jibu la pili liko barabarani. Katika eneo ambalo limeishi na Mayi-Mayi Malaika, hasa upande wa Salamabila na machimbo ya zahabu ya Namoya, mtu akikutwa na masasi ya AK-47 mfukoni, ni nani atakubali kwamba alikuwa anafuata nguruwe wa pori? Kesi za silaha za vita zinaenda mbele ya mahakama ya kijeshi, hata kama mshitakiwa ni raia.

Kartushi zenyewe ni mzigo. Kiwanda kimoja kinachojulikana sana katika Afrika ya Kati ni kile cha MACC, kule Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville. Kutoka pwani ya Atlantiki hadi Kasongo ni safari ndefu, na sehemu ya mwisho ni ya pikipiki na baiskeli kwenye barabara ambazo mvua inazikata. Kila mkono unaopokea unaongeza bei. Kwa hiyo mwindaji anahesabu. Kupiga ovyo ni hasara, na kumpiga mnyama mdogo pia ni hasara, sababu nyama yake hairudishi bei ya kartushi. Ndiyo maana bunduki inawamaliza kwanza wanyama wakubwa, wanaozaa pole pole, na mitego inaachiwa wadogo. Wanaolinda pori wanalijua jambo hilo vizuri.

Kisha kuna kitako. Hapa fundi wa kijiji na fundi wa London wanafanya kazi ileile. Kitako kikiwa kirefu kupita kiasi, kinakwama kwenye nguo wakati wa kuinua. Kikiwa kifupi, bunduki inampiga mwenyewe usoni. Fundi mzuri anamwambia mnunuzi afunge macho, ainue bunduki begani, afungue macho. Jicho lisipolala juu ya mtutu moja kwa moja, ubao unarudi kuchongwa. Mti unaotafutwa ni mgumu, uliokauka vizuri, wenye nyuzi zilizonyooka, maana ubao mbichi unapasuka kiangazi kikifika.

Hatari iko kwenye mtutu. Kartushi ya kawaida ya kalibre 12, kwa kipimo cha kimataifa, inaruhusiwa kufikisha ndani ya mtutu nguvu ya bar 740. Tairi ya gari ndogo inabeba bar 2 hivi. Bomba la maji ya mjini linabeba chache tu. Mtu anayechukua chuma kilichofanywa kwa kupitisha maji, au kipande cha gari lililokufa, anakiomba kibebe nguvu ambayo mfanyaji wake hakuiwaza hata siku moja. Kinaweza kukubali mara ishirini, kisha siku moja kikakataa. Mtutu ukipasuka mbele, mkono wa kushoto ndio unalipa. Nyuma pakifunguka, ni uso.

Chuma hakionyeshi ugonjwa wake kwa macho. Fundi anaweza kuwa na mikono ya ajabu na bado asijue kama ndani ya chuma kuna ufa mdogo. Huko Ulaya waliligundua jambo hilo kwa kuzika watu. London, chama cha mafundi wa bunduki kilipata hati yake mwaka 1637 na kikapewa nguvu ya kujaribu mitutu. Liège, Ubelgiji ya leo, amri ilitoka mwaka 1672: mtutu usiuzwe mbele ya kujaribiwa. Jaribio ni rahisi kueleza. Bunduki inafungwa mahali ambapo haiwezi kumuumiza mtu, inapigwa kwa baruti yenye nguvu kupita ile ya kawaida, kisha inachunguzwa. Ikivimba au ikipasuka, imekufa pale pale. Ikisimama, inagongwa muhuri.

Liège inatuhusu zaidi kuliko tunavyofikiri. Katika karne ya 19, bunduki nyingi za mji huo hazikutoka katika viwanda vikubwa. Zilifanywa na mafundi wa nyumbani, katika vijiji vya kando, mmoja akifanya mtutu, mwengine kitako, mwengine vyuma vya kufyatulia. Walikuwa mafundi wa mikono sawa na wetu. Nyumba ya majaribio ndiyo iliyofanya kazi yao iaminike hadi ng'ambo, na bunduki zao ziliuzwa kwa wingi sana katika Afrika.

Kasongo ilizijua bunduki mapema. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, na misafara yake ilileta bunduki na baruti kutoka Zanzibar, migongoni mwa wapagazi, ili itoke na pembe za tembo na watumwa. Nyingi zilikuwa za kujazwa kwa mbele: za gumegume, zinazowashwa kwa jiwe, na za fataki. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliofunga mlango wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika na kuacha upenyo kwa zile za gumegume zisizo na mifereji. Sababu iliyotajwa ni kupiga vita biashara ya watumwa. Matokeo mengine hayakutajwa kwa sauti: Mwafrika abaki na bunduki ya zamani, askari wa mzungu abaki na ya kisasa. Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Leopold tarehe 22 Aprili 1893, Kabambare mwezi wa Januari 1894.

Chini ya Wabelgiji hali hiyo iliendelea kwa karatasi. Mkongomani aliyepata ruhusa alipewa bunduki ya pistoni, ya kujazwa kwa mbele, na wazee wengine wanalitumia jina hilo hadi leo. Mtu akizoea kuitengeneza bunduki iliyoharibika, siku moja atajaribu kufanya nyingine inayofanana nayo. Halafu vita za 1996 na 1998 zilipita hapa, barabara zikafa, na duka la kuuza bunduki ya kuwinda kwa halali likawa hadithi.

Sheria haikukaa kimya. Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasema silaha haifanywi wala haimilikiwi bila ruhusa ya serikali. Uwindaji una sheria yake nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayotaka mwindaji awe na permi, inayoweka misimu ya kufunga na kufungua, na inayokataza kabisa kuua wanyama fulani, sokwe akiwa mmoja wao. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe ikakaza zaidi. Tena Kongo ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayotaka kila silaha ndogo igongwe alama wakati inapofanywa.

Kwenye karatasi, basi, kila kitu kipo. Kijijini, sheria hizo zote zinamwambia fundi neno moja: jifiche. Na fundi aliyejificha hawezi kugonga jina lake kwenye chuma, sababu jina hilo ndilo litakalompeleka gerezani. Hawezi pia kupiga bunduki mara tano mchana kweupe ili ajue kama inasimama. Anaifanya chapuchapu, anaitoa usiku, na mnunuzi ndiye anayekuwa mjaribu, shavu lake likiwa juu ya mtutu. Siku bunduki ikikamatwa mikononi mwa jambazi njiani, hakuna anayeweza kusema ilitoka wapi. Na siku ikikamatwa mikononi mwa mwindaji wa kweli, hana kitu cha kuonyesha kwamba yeye si mwenzake jambazi.

Woga wa serikali una msingi wake. Makundi mengi ya kujilinda ya mashariki yalianza na mapanga, mikuki na bunduki za kuwinda, kisha yakapata AK-47 na kubadilika kuwa mzigo kwa raia walewale. Kumpa fundi ruhusa bila kumfuata ni kufungua karakana kwa kundi lolote linalopita. Lakini kumfukuza fundi bila kumpa njia nyingine hakujafunga karakana hata moja. Kunaisogeza tu porini zaidi. Tume ya taifa ya kuchunguza silaha ndogo ndogo ipo Kinshasa. Ofisi inayoweza kumwandika fundi, kuangalia bunduki yake na kuigonga nambari, iwe karibu na Kasongo au Kabambare, hiyo ndiyo ambayo wawindaji wangeweza kuifikia kwa baiskeli.

Kwa sasa, mwenye bunduki ya fundi anabaki na macho yake tu. Mtutu uliovimba, hata kidogo kama kifundo cha uzi, hauponi, na kuuchomelea kunaficha ugonjwa bila kuuondoa. Mlango wa nyuma unaocheza ukiutikisa kwa mkono ni onyo la mwisho. Kartushi inayoingia kwa nguvu, au inayolegea, si ya bunduki ile. Na kupiga mara moja kwa kamba ukiwa umejificha nyuma ya mti, ukitumia kartushi ya kawaida, hakufanyi jaribio la Liège, kwani pale baruti ilizidishwa makusudi.

Katika nyumba fulani bado kuna bunduki za babu, zenye kutu, zinazokaa juu ya dari. Ukiipangusa moja ya Ubelgiji na kutazama chini ya mtutu, karibu na kitako, unaweza kukuta duara refu lenye herufi ELG. Ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège. Kama juu ya duara kuna taji, basi bunduki hiyo ilijaribiwa mwaka 1893 au baada yake, maana taji liliongezwa katika mwaka uleule ambao Kasongo ilianguka.