Mfumo Uliokatiwa Matunzo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kuutunza mfumo endeshi wa Windows 10, ambao iliutoa kwa walimwengu tarehe 29 Julai 2015, na asubuhi ya pili yake kompyuta zisizo na idadi ziliwashwa kama ilivyo desturi, zikaonyesha picha ile ile, zikafungua barua zile zile, wala watumiaji wake hawakuona badiliko lolote. Utulivu huo ndio unaowaghuri watu. Aghalabu mtu akiambiwa kwamba mfumo wa kompyuta yake umepitwa na wakati hudhani anashawishiwa kununua pambo, rangi mpya na vitufe vilivyohamishwa mahali pake, naye hujibu kwamba mashine yake ingali inafanya kazi. Jibu hilo ni la kweli, walakini swali lililoulizwa ni jingine. Kusudi la makala haya ni kubainisha kwamba faida kuu ya kuhamia mfumo mpya ni kuwa chini ya uangalizi wa mafundi ambao wangali kazini, na kwamba faida nyingine zote, ijapokuwa ni za haki na baadhi yake zitatajwa, huja nyuma ya hiyo.

Mfumo endeshi ndio unaosimamia kumbukumbu, diski, kicharazio, printa na mtandao, na programu nyingine zote sharti ziuombe ruhusa kabla ya kutenda jambo. Umeandikwa kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, nayo ni kazi ya wanadamu, kwa hiyo haiwezi kukosa kasoro. Jahazi hata likiundwa kwa mbao teule za msaji halikosi kuingiza maji, na nahodha mwenye busara hulipandisha pwani likalafatiwe kila msimu. Mfumo nao huvuja kidogo kidogo kwa matundu ambayo hayakujulikana siku ya kuundwa kwake, na tangu mwaka 2003 Microsoft imejiwekea ada ya kutoa viraka vya kuyaziba kila Jumanne ya pili ya mwezi. Matunzo yakikatwa, matundu huendelea kugunduliwa kama kwanza, ila mzibaji hayupo.

Tena liko jambo ambalo wasiokuwa mafundi hawalijui, na laiti lingejulikana lingewaondolea wengi ukaidi. Kiraka kinapotolewa kwa ajili ya Windows 11, wezi wa mitandaoni nao hukipakua, wakalilinganisha faili jipya na lile la zamani mstari kwa mstari, hata wakajua barabara ni kitu gani kilichorekebishwa na kwa hiyo ni kasoro gani iliyokuwapo. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya Windows 11 imerithiwa kutoka Windows 10 na zilizotangulia, kasoro hiyo mara nyingi imo pia ndani ya mfumo wa kale, ambao hautazibwa. Hivyo kila tengenezo linalomwongezea amani mwenye mfumo mpya linaweza kuwa ramani mkononi mwa anayemwinda mwenye mfumo wa zamani, na mashine iliyoachwa huzidi kuwa katika hatari kila mwezi bila ya mwenyewe kutenda kosa lolote.

Ushahidi wa hayo ulionekana Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu haramu iitwayo WannaCry ilianza kutambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta pasipo mtu kubofya chochote, ikipenya kwenye tundu la ile sehemu ya Windows inayoziwezesha mashine kugawana mafaili ndani ya mtandao mmoja. Na kila ilipoingia iliyafunga mafaili ya mwenyewe kwa msimbo wa siri, kisha ikaweka kwenye skrini tangazo jekundu la kudai fidia ya dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Katika muda wa siku chache ilikwisha kufika katika nchi zipatazo 150 na kuzidhuru kompyuta zaidi ya 200,000. Uingereza ndiko msiba ulikogusa miili ya watu: zaidi ya theluthi ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma za England zilivurugika, wagonjwa wa dharura katika baadhi ya maeneo wakalazimika kusafirishwa hadi hospitali za mbali, na ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ikataja baadaye makadirio kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa. Dhoruba ilitulia pale kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, alipokuta ndani ya programu hiyo anwani ya tovuti isiyokuwa na mwenyewe, akaisajili, na programu ilipoona kwamba anwani hiyo sasa inajibu ikaacha kuendelea.

Tundu lile lilikuwa limekwisha kutolewa kiraka tarehe 14 Machi, siku 59 kabla ya msiba. Hapa inatupasa kusema kwa insafu, maana kisa hiki husimuliwa visivyo: wengi wa waliodhurika hawakuwa watumiaji wa Windows XP ya mwaka 2001, bali wa Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa ungali katika matunzo, ila wenyewe hawakukiweka kile kiraka. Windows 10, iliyokuwa ndiyo mpya siku zile, ilisalimika, kwani silaha iliyotumiwa na WannaCry haikuwa na nguvu juu yake, na fauka ya hayo mfumo huo kwa desturi yake hujipakulia viraka wenyewe bila ya kungoja mtu akumbuke. Wenye XP, ambao matunzo yao yalikatwa tarehe 8 Aprili 2014, walitolewa kiraka siku moja baada ya msiba kuanza. Hiyo ilikuwa hisani, wala hapana mwenye ofisi, seuze mwenye hospitali, anayepaswa kuitegemea hisani ya namna hiyo ije mara ya pili.

Huo ulikuwa msiba wa mbali. Wa kwetu ni mdogo kwa sura lakini umeliza watu wengi, nao makao yake ni steshenari, kile chumba chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi karibu na kila chuo na kila ofisi ya serikali. Mwanafunzi huja na flashi aliyoifunga kwenye kamba ya funguo, ndani yake mna tasnifu yake yote, na siku ya kuikabidhi ni kesho. Mhudumu akiichomeka, kabrasha zote zimegeuka vijialama vyenye mshale mdogo uliopinda, na kila kimoja kikibofywa hapafunguki kitu.

"Dada, mbona kazi yangu haionekani?"

"Ipo, mdogo wangu, imefichwa na virusi. Jana ulichapisha wapi?"

Virusi vya flashi vilineemeka mno katika zama za Windows XP, kwa sababu mfumo ule ulikuwa ukisoma maagizo yaliyofichwa ndani ya flashi, na mtumiaji akibofya alama yake tu, programu ya mwizi ilianza kazi. Hiyo ndiyo mojawapo ya njia alizozitumia mdudu aitwaye Conficker, aliyezuka Novemba 2008. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, iliondoa tabia hiyo kwa flashi, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kingavirusi imekuwa sehemu ya mfumo wenyewe, pasipo kununua nyingine. Virusi havikwisha, maana mkono wa mtu ungali unabofya kila ukionacho, lakini steshenari yenye mfumo unaotunzwa humkamata mdudu mlangoni, na ile yenye mfumo wa kale humpokea, ikamlea, ikamgawia kila mteja wa siku ile.

Mfumo wa kale, fauka ya kutokulinda, huanza pia kukataliwa na wenzake. Google iliacha kutengeneza kivinjari chake cha Chrome kwa ajili ya Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023, na tarehe 30 Septemba 2021, cheti kimoja cha usalama kilichotegemewa na tovuti nyingi mno kilipofikia ukomo, vifaa vingi vya zamani visivyokuwa na cheti kipya vilianza kuzikataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake. Anayelipa kodi au kuomba mkopo wa chuo kwa kompyuta ya namna hiyo hudhani mtandao ni mbovu, akanunua bando jingine bure. Kadhalika mashine mpya nyingi zenye Windows 11 husimba diski nzima, hata kompyuta mpakato ikiibwa ndani ya daladala mwizi hupata chuma na asipate siri za wagonjwa au za wateja. Hayo ni maadam mwenyewe ameuhifadhi mahali pengine ule ufunguo wa kurejeshea, kwani akiupoteza naye hatafunguliwa.

Wanaosita kuhama nao wana hoja, na hoja zao ni nzito. Windows 11 hudai kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 katika diski, na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hazitimizi sharti hilo la mwisho. Masasisho nayo hula bando. Kwa hili la pili dawa ipo na haitumiwi: katika mipangilio pana mahali pa kuuarifu mfumo kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, nao ukajizuia kupakua ovyo, na shule au ofisi yenye kompyuta nyingi inaweza kuziamuru zipeane masasisho zenyewe kwa zenyewe, moja ikapakua na nyingine zikachota kwake. Lisilokubalika kwangu kabisa ni ile njia ya mkato ya kupigiwa Windows isiyo na leseni na fundi ambaye, ili mfumo usigundue hila, ameyazima masasisho. Mteja huondoka na sura ya mfumo mpya na udhaifu wote wa ule wa kale, na juu yake pesa ameitoa.

Mwenye mashine isiyoweza kubeba Windows 11 bado ana njia. Microsoft imeruhusu watu binafsi kujiandikisha wapate viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na muda huo ni wa kutafuta makao mapya, usihesabiwe kuwa makao. Njia ya pili ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 na hutolewa bure kwa namna nyingi: Linux Mint huendeshwa hata na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, na matoleo ya Ubuntu yaliyokusudiwa kudumu hutunzwa kwa miaka mitano. Uwanja huo wa programu za bure si mgeni kwetu, kwani wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili tangu mwaka 2004 wakaiita Jambo. Kwa anayeandika barua, anayesoma habari na anayetunza hesabu za duka, Linux inatosha. Kwa ofisi inayotegemea programu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows peke yake, afadhali gharama ya mashine nyingine.

Anayeazimia kuhama na ajue kwanza alipo: abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows, aandike winver, abonyeze Enter, na jina na toleo la mfumo wake vitatokea. Kisha anakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, aichomoe, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, na afungue huko mafaili mawili matatu, picha moja na waraka mmoja, aone kama yanafunguka. Yakifunguka, fundi aanze kazi.