Amri Isiyoeleweka

Mkuu wa kazi anayetoa amri nusu nusu asubuhi, kisha jioni akafoka kwamba kazi imeharibika, ndiye aliyeiharibu. Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, inaishi kwa pamba. Karani wa ununuzi akiogopa kumwuliza mkuu wake neno moja, anayeumia ni mkulima aliyeketi juu ya magunia yake.

Kasoro hii ilikwisha kukemewa. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, ibara ya 15, ukawakanya viongozi wenye majivuno na dharau.

Kwa hiyo mfanyakazi asinung'unike pembeni. Aulize, maana kuuliza si ujinga. Alirudie agizo mbele ya aliyelitoa, aliandike, aombe lithibitishwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aeleze kazi kwa maandishi. Akizidi kupuuzwa, alifikishe jambo kwenye chama chake cha wafanyakazi.

Wakuu nao wakumbuke: cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hudaiwa maelezo.